Mkomamanga Uliokumbuka Siku ya Nane

Shahada yangu ya elektroniki ina muhuri wa rangi mbili na sahihi za watu watatu ambao hawajawahi kuniona. Kwa nguvu ya shahada hiyo nilipata kazi mara moja tu, huko Tunis, katika chumba cha vijana sitini wenye shahada kama yangu, tukiwapigia simu wazee wa Ufaransa kuwauzia madirisha. Mle ndani sikuitwa Nawres. Niliitwa Sandrine. Nilikuwa Sandrine kwa miezi sita, mpaka siku ajuza mmoja alipoangua kilio kwenye simu kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyempigia tangu Krismasi. Nikalia naye. Tulizungumza dakika arobaini na sikutaja dirisha hata moja. Msimamizi wangu akaniambia nina moyo mzuri sana, na nisirudi kesho.

Nikarudi kusini kwa Bibi Mabruka, mama yake baba yangu, nikiwa na begi moja, kompyuta yenye ufa kwenye kioo, na imani kwamba sayansi inaweza kuwafanya watu watendeane haki. Begi lilifika salama.

Kwetu haki hupimwa kwa maji. Zamani, chemchemi zilipokuwa zikibubujika zenyewe, kila shamba la mitende lilipata zamu yake kila siku ya nane. Chemchemi zikakauka, pampu zikaja, na kadiri pampu zilivyoongezeka ndivyo maji yalivyopungua, jambo ambalo wakubwa walitueleza kwa michoro ya rangi. Zamu ikawa siku ya kumi na nne. Kiangazi kile kamati ya maji ilikuwa na wazo jipya: mashamba madogo yasogezwe hadi siku ishirini. Mwenyekiti, Bwana Lazhar, ambaye mitende yake mipya imepangwa mpaka ndani ya jangwa kama askari wa gwaride, alisema hakuna haja ya wasiwasi.

"Mti ni kiumbe mvumilivu," alisema. "Mti haulalamiki."

Shamba la Bibi lilikuwa dogo kuliko yote: mitende tisa, mtini mmoja, mboga chini yake, na mkomamanga ambao babu aliuleta kutoka Gabes kabla baba yangu hajazaliwa. Mche aliufunga kwa shati lake alilolilowesha, akasafiri kifua wazi ndani ya basi huku abiria wakimwonea huruma Bibi. Sasa majani yake yalikuwa yameanza kujikunja. Mtende una mizizi ya kwenda kutafuta. Mkomamanga husubiri kuletewa. Kwa zamu ya siku ishirini, usingeuona mwezi wa matunda.

Nami ile sentensi ya mwenyekiti ilinikaa kooni, kwa sababu si kweli. Mti hulalamika. Ukiunyima maji, ukiunywesha, ukiukata, umeme mdogo hupita katika shina lake, mdogo mno, sehemu za elfu za volti. Kinachokosekana ni sikio. Nikaamua kutengeneza sikio, nilipeleke mbele ya kamati, na kamati ikishasikia mti ukilia, itaona aibu. Ndiyo, niliamini hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Sikio linahitaji fedha, namaanisha madini yenyewe. Bibi alikuwa na furungu la mama yake, bangili ya fedha ya mguuni, lililokatika pindo.

"Unataka furungu la mama yangu uliingize kwenye mti?" aliuliza.

"Ule waya mwembamba wa pindo tu, Bibi."

"Mama alilivaa siku ya harusi yake. Alipiga nalo hatua kutoka kwa baba yake mpaka kwa mumewe, mtaa mzima ukamsikia. Sasa mkomamanga ndio unaolewa?"

"Unapimwa."

"Na wewe unaolewa lini?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Maana naona mti umekutangulia kuvaa fedha."

Nililoweka waya katika maji ya javeli, yale ya kung'arishia mashuka, mpaka fedha ikapoteza mng'aro na kuwa na rangi ya zambarau iliyokufa. Ndivyo inavyotakiwa, fedha ya hivyo husoma umeme wa kiumbe hai bila kuongeza chumvi yake. Waya mmoja niliuchomeka kwenye shina, mwingine kwenye udongo wa mizizi, nikauzungushia uji wa chumvi na wanga. Sehemu ya kukuza umeme niliitoa katika mashine ya kupimia moyo niliyoipata kwa wauza vyuma chakavu. Ilikuwa imepima mioyo ya watu mpaka wa kwake ukasimama. Nikaongeza betri nne na kibao kidogo kinachohifadhi kipimo kila dakika. Jioni nilikuwa nahamishia vipimo kwenye kompyuta, vikawa mstari.

Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu, mawimbi sawasawa kama pumzi ya mtoto aliyelala. Niliutazama robo saa nzima macho yakinilengalenga, kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nasikiliza pampu ya Bwana Lazhar.

Dawa ya kelele za namna hiyo ni kukifunika kifaa kwa chuma pande zote. Nyumbani kwetu kulikuwa na chuma kimoja tu cha umbo hilo: chungu cha juu cha kupikia kuskusi, kile chenye matundu ya mvuke, na mfuniko wake.

"Na Ijumaa tutakula nini?" Bibi aliuliza.

"Makaroni."

"Ijumaa. Makaroni." Alilitamka kama daktari anayewatajia jamaa ugonjwa.

Lakini alikuja kutazama. Nikamwonyesha jinsi mstari ulivyotulia sasa, kisha nikakikaribisha kiberiti cha gesi kwenye ncha ya jani moja. Mstari ukaruka, ukashuka, ukachukua dakika tano kurudi. Nikageuka kwa furaha.

"Umeona, Bibi? Unaumia!"

"Umeuchoma moto ili ujue kama unaumia?" Bibi alisema. "Ungeniuliza mimi, ningekwambia bure."

Mtu wa pili kujua habari za sikio langu alikuwa Ami Tijani, msimamizi wa zamu. Si ami yangu wa damu. Kwetu kila mzee mwenye uwezo wa kukunyima kitu ni ami. Alizunguka mashambani kwa baiskeli, jembe begani, akifungua lango la mfereji wa huyu na kufunga la yule, na hakuwahi kumzidishia mtu dakika, hata kaka yake. Kidole chake cha pete kiliishia katikati. Nusu nyingine ilichukuliwa na mkanda wa pampu. Aliyekamatwa akiiba maji, Ami Tijani alimziba lango kwa udongo mbichi, kisha akakandamiza kiganja chake juu yake. Vidole vinne na nusu. Muhuri huo hauigiki, na anayeuvunja hapati zamu tena maishani.

"Daktari!" aliniita kutoka juu ya baiskeli kila alipopita. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ana kiu, Ami."

"Hata mimi. Nipime."

Nilipima wiki sita, zamu tatu kamili. Kila siku ya zamu, maji yalipogusa mizizi, mstari ulipanda taratibu kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Kisha ulishuka siku baada ya siku. Na hapo katikati, siku ya nane, ulifanya jambo ambalo lilinifanya nisimame nikagonga kichwa kwenye tawi la mtini. Saa saba na dakika arobaini mchana, wakati mji wote umelala kwa joto na hakuna tone lililopangwa kufika, mstari ulipanda tena, vilevile. Zamu ya pili, siku ya nane. Zamu ya tatu, siku ya nane.

Mtu mwenye akili angejiuliza maswali mawili matatu. Mimi nilikuwa na shahada. Mti huu, nilijiambia, ulinyweshwa kila siku ya nane kwa miaka arobaini. Umezitia siku ndani ya mwili wake. Siku ya nane ikifika unaamka na kufungua mdomo, kama mjane anayeendelea kupakua sahani mbili. Mti unakumbuka! Nililia kweli, nikiwa nimekumbatia chungu cha kuskusi.

Ni kweli kwamba siku hizo udongo chini ya mkomamanga ulikuwa na unyevu chini ya makuti. Niliuona. Niliandika kwenye daftari, katika nafasi ya maelezo: umande. Umande, mwezi wa nane, kando ya jangwa.

Ni kweli pia kwamba siku hizo Bibi aliacha usingizi wake wa mchana, akajifunga kitambaa kichwani na kusema anakwenda shambani kuwapa kuku maji. Tulikuwa na kuku wanne. Nilifikiri tu kwamba wanapendwa.

Mkutano wa kamati ulifanyika mwisho wa mwezi wa nane, asubuhi, katika ofisi yenye feni moja inayomwelekea mwenyekiti. Wenye mashamba kama thelathini walikaa kwenye viti vya plastiki, Bibi Mabruka mstari wa nyuma, bilauri ya chai nyekundu mkononi. Sikuwa nimemwambia nitasema nini. Nilitaka iwe zawadi. Nilikuwa nimechapisha mistari yangu kwenye karatasi ndefu, nikaibandika ukutani.

Nilizungumza vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu. Nilieleza fedha na javeli, nikaonyesha mstari unavyoanguka kuanzia siku ya sita. Watu waliacha kunong'ona. Kisha nikafika kwenye siku ya nane.

"Hapa," nikasema, nikiweka kidole kwenye karatasi, "hakuna zamu. Hakuna maji. Lakini mti unaamka, saa saba na dakika arobaini, mara zote tatu. Unakumbuka haki yake ya zamani. Sisi tumeisahau zamu ya siku nane, waheshimiwa. Mti haujasahau."

Mwanamke mmoja alifuta macho. Hata feni nadhani ilisita. Ami Tijani aliinuka, akavaa miwani, akaisogelea karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hiki kilima hapa ni siku ya zamu?"

"Ndiyo, Ami."

"Na hiki cha siku ya nane?"

"Ndiyo."

"Vinafanana."

"Ndiyo! Ndiyo maana nasema..."

"Binti yangu," alisema, akivua miwani. "Mti haukumbuki. Mti umekunywa."

Kuna ukimya ambao ndani yake mtu huisikia akili yake ikifika, imechelewa, inahema. Niliwaona kuku wanne. Niliuona umande. Nikageuza kichwa polepole, na mstari wa nyuma bilauri ya Bibi ilikuwa imesimama nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Saa saba na dakika arobaini," Bwana Lazhar alisema. "Tarehe hizo. Zamu ilikuwa ya nani?"

Ami Tijani hakuhitaji kufungua daftari. "Yako."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Mwizi wa maji huzibwa lango zamu nzima: wiki nne tangu maji hadi maji. Nilikuwa nimekuja kuutetea mkomamanga, nikauletea hukumu iliyochapishwa, yenye saa na dakika.

"Kifaa ni kibovu," nikasema.

"Sasa hivi kilikuwa kinakumbuka," alisema Bwana Lazhar.

"Ni kibovu, Mwenyekiti. Ni furungu na chungu cha kuskusi. Mashine yenyewe niliitoa kwenye chuma chakavu. Pampu ikiwashwa inaandika upuuzi, jua likizidi inaandika upuuzi. Hiyo saa saba ni joto tu limeingia kwenye betri. Msiifuate." Nikaanza kubandua karatasi. "Mimi mwenyewe sijui kitu. Kazi niliyoiweza ni kuuza madirisha, na hayo sikuyauza."

"Keti, Nawres."

Bibi alikuwa amesimama. Ni mfupi, waliokaa mbele walilazimika kugeuka ili wajue nani anasema.

"Mashine ya mjukuu wangu ni nzima," alisema. "Wiki sita inakaa juani haijakosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa navuta tambara linaloziba upenyo chini ya lango, maji yapite. Dakika ishirini kila mara. Nawres, mashine imeandika dakika ngapi?"

"Bibi, tafadhali..."

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili. Mnaona? Inajua kuliko mwizi mwenyewe." Akamtazama Bwana Lazhar. "Nimelelewa kukiri. Lakini kutukaniwa mtoto na kazi yake, hilo sikulelewa."

"Hakuna aliyemtukana, Hajati, amejitukana mwenyewe," alisema mwenyekiti, na hapo akapata wazo, kama wanavyopata watu waliokaa karibu na feni. "Kwanza kifaa chenyewe ni kizuri! Tukikiweka kimoja kwa kila shamba..."

"Naunga mkono," Ami Tijani alisema haraka. "Tuanze na la mwenyekiti. Nina hamu sana ya kujua mitende yako inakumbuka nini, Bwana Lazhar."

Sijawahi kuona watu thelathini wakichunguza kandambili zao kwa makini kiasi kile. Mmoja alisema kifaa kinaweza kuleta radi. Mwingine akauliza kama ni halali kuingilia siri ya mti. Ndani ya dakika tano kamati iliamua mambo matatu: zamu ibaki siku kumi na nne kwa sasa, vifaa vya namna ile visiingie shamba jingine lolote mpaka utafiti ufanyike, na lango la Mabruka lizibwe zamu moja. Yote yalipita kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kamati iundwe. Kumbe sayansi inaweza kuwaunganisha watu.

Ami Tijani alikuja kuziba siku ya zamu yenyewe, maji yakipita mbele yetu kwenda kwa jirani. Bibi alimpikia chai. Anayekuziba lango naye ni mgeni. Alikanda udongo, akaupachika, akakandamiza kiganja.

"Umekaza sana, Tijani," Bibi alisema.

"Ndiyo kazi, Hajati."

"Na mkono umenenepa."

"Ni udongo umelegea." Akanigeukia mimi huku akijifuta. "Mashine yako bado inaandika?"

"Hawakusema niitoe shamba hili."

"Kila dakika?"

"Kila dakika, Ami."

"Na jina la mtu, inaandika?"

"Hapana. Inaandika mti tu."

Alimalizia chai iliyobaki. "Basi si mbaya kama walivyosema."

Siku zilizofuata tulibeba ndoo kutoka nyumbani, mwendo wa nusu saa. Ardhi ilizinywa kama mlevi asiyejua ameshakunywa ngapi, na mstari haukutikisika. Siku ya tano majani ya juu yakaanza kudondoka mabichi. Siku ya saba mstari ulikuwa chini kuliko nilivyowahi kuuona, na nilipogusa jani haukuruka tena. Bibi alinipa kijiko cha mbao, akasema Ijumaa hii tena tutakula makaroni, kwa hiyo nijifunze angalau kuyapika.

Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, alitandika mkeka sebuleni mbele yangu na kukaa wima.

"Niangalie vizuri," alisema. "Nisije nikasingiziwa."

Tukatazamana mpaka alasiri. Hakutoka. Mimi pia sikutoka. Kuku hawakupewa maji.

Jua lilipopoa nikaenda shambani na kompyuta, nikahamisha vipimo. Mstari ulitambaa chini asubuhi yote, kama nilivyotarajia. Saa saba na dakika arobaini ulisimama. Kisha ukaanza kupanda, polepole, kwa shida, kama mgonjwa anayeshika ukuta. Ulipanda dakika ishirini na mbili.

Nilikimbia kwenye lango. Lilikuwa limezibwa vilevile, kiganja mahali pake. Lakini udongo wa siku nane katika joto letu hupasuka kama kisigino cha mzee, na huu ulikuwa laini, mweusi, bado una baridi. Niliweka kidole changu ndani ya alama za vidole, kimoja baada ya kingine. Vinne, na nusu.

Kesho yake alipita na baiskeli kama kawaida.

"Daktari! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Jana mstari umepanda, Ami. Siku ya nane. Saa saba na dakika arobaini."

Alishusha mguu mmoja chini, akaitazama kengele ya baiskeli yake kana kwamba ndiyo iliyosema. "Ajabu. Na lango nimeliziba mimi mwenyewe."

"Nimelikagua. Muhuri mzima."

"Basi umekumbuka."

"Ndiyo, Ami. Nadhani umekumbuka."

"Si ulituambia mkutanoni," alisema, akipandisha jembe begani. "Tatizo la watu wa hapa hawasikilizi wasomi."

Akaenda zake. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, saa na kipimo, kwa uangalifu, bila kupunguza hata nukta. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: umande.